Kamba ya Ngozi Kwenye Mpini wa Kikaango

Nimeviona vikaango, Kendi. Viwili, vipya, vyepesi kama karatasi, umevifunga ndani ya leso yako ya buluu chini kabisa ya begi, na kimoja kimepakwa rangi ya kijani ukingoni, alama ya mama yako mdogo Karimi. Kwa hiyo huendi Nanyuki kufua mashuka ya hoteli. Unaenda kwa Karimi, kupikia watu wa safari zake za miguu.

Sasa nikusalimu. Habari ya mchana, mwanangu. Sikuwa napekua vitu vyako. Nilikuwa natafuta nafasi ya kupenyeza pakiti ya majani chai, mkono wangu ukagonga chuma. Umetoka kwenda kuchukua viatu kwa fundi, na najua ukitoka kwa fundi utapitia kwa wenzako wa kwaya, na huko hamuachani upesi. Basi mchana wote ni wangu. Nimechukua daftari lako la hesabu la kidato cha pili, lina kurasa safi upande wa nyuma. Mimi niliishia darasa la nne, lakini unajua mwalimu alikuwa anapeleka mwandiko wangu darasa la saba ili wale wakubwa waone haya. Utasoma bila taabu.

Mambo ya kuvaa sweta asubuhi na kusema sala sitaandika. Yote hayo nimeyasema kwa mdomo miaka kumi na tisa, na kama hayajaingia hayataingia kwa kalamu.

Nitaandika linaloniuma. Mwezi huu wote umekuwa ukikaa na mimi jikoni ukiniuliza habari za zamani. Mama, mlikuwa mnabeba mayai namna gani yasivunjike? Nikakueleza, unayazika ndani ya unga wa ngano kwenye mkebe, moja moja, yasigusane, na kila siku unga ukipungua mayai nayo yanapungua, kwa hiyo mkebe haupwayi. Mama, na mafuta ya kukaangia? Nikakueleza, chupa ya dawa ya kikohozi, kizibo cha kuzungusha, si cha kubana, maana jua la huku likishapasha chupa kizibo cha kubana kinaruka, begi lote linanuka siku nne. Mama, na jiko? Nikasimama kabisa nikakuonyesha kwa vijiko vitatu sakafuni. Nilikuwa na raha, Kendi. Nilijiambia, hatimaye mtoto ameona mama yake alikuwa nani kabla ya kuwa mama yake. Jirani akipita namwambia, huyu wangu sasa anapenda hadithi zangu. Kumbe nilikuwa nafundisha mpishi wa Karimi.

Dada yangu alinisaliti mara moja, pale Gotu. Wewe umenisaliti kila jioni kwa mwezi mzima, na ukaosha vyombo baadaye.

Nimeandika hilo ili litoke. Sasa nina lingine, na hili ni gumu zaidi kwangu, kwa hiyo utanivumilia nikizunguka kidogo kabla ya kulifikia.

Siku hizo wewe ukiwa na miaka kumi, hakuna mtu kati ya hapa Isiolo na Marsabit aliyejua kukaanga chakula cha asubuhi porini kama mimi. Si majivuno, uliza. Yule Mzungu mwenye safari, tuliyemwita Bwana Mrefu, alikuwa na wapishi wawili wa Nairobi kabla yangu, wenye kofia nyeupe, na mmoja alibeba stovu ya mafuta ya taa yenye uzito wa mbuzi. Safari ni ya miguu. Ngamia wanabeba maji, basi. Kila kilo ya chuma unayomwekea ngamia ni kilo ya maji uliyoiacha nyumbani, na watu watalia kwa kiu. Mimi nikaja na vikaango viwili alivyonifulia fundi kutoka kwa vifuniko vya sufuria, mipini inakunjika ndani. Sufuria moja ya chai, vikombe vinaingia ndani yake. Mwiko nikaukata mpini, ukabaki kama kijiko cha mtoto. Na jiko sikubeba. Asubuhi hema likishakunjwa, nachukua vigingi vitatu vya hema hilohilo, navigongelea mchangani kama mafiga, chini yake nachimba shimo la kiganja kimoja, mdomo wake unatazama upepo unakotoka. Vijiti vya mgunga, vikavu, unene wa kidole. Moto mdogo hivyo, hata moshi hakuna, lakini yai linaitika dakika hiyohiyo.

Wageni walikuwa wanaamka na harufu. Bekoni, soseji, nyanya zilizokatwa nusu, mkate uliokaangwa kwa mafuta yaliyobaki, mayai mawili kila mtu, na macho ya yai hayajapasuka hata moja. Bwana Mrefu aliniambia chakula kama hicho hajakipata hata kwa mama yake. Nilimwambia basi mama yake aje nimfundishe. Akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini la bekoni, nyama ya nguruwe, ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Wachunga ngamia wanne, wote Waislamu, na mkubwa wao Mzee Guyo. Yeye ndiye aliyekuja kwangu safari ya kwanza kabisa, akakichukua kikaango kimoja mkononi mwangu bila kuuliza, akatoa kamba nyembamba ya ngozi ya ngamia mfukoni, akaifunga kwenye mpini mafundo matatu. Akasema, "Mama Kendi, hiki ni chetu. Kamba ikiwa hapo, sitakuuliza kitu." Na miaka mitatu hakuniuliza kitu. Wakimaliza kuswali alfajiri wanakuja motoni kwangu kwanza, kabla ya kupakia ngamia, wanaona kamba, wanakaa, wanakula. Mimi mwanamke Mmeru wa kanisani, na wanaume wa Kiborana na Kisomali wanakula mkononi mwangu bila kutazama mara mbili. Hapa mjini nilitembea kichwa juu kwa sababu hiyo. Kibanda changu cha maandazi pale stendi ya malori, unakumbuka foleni. Madereva walisema, huyo ni Mama Kendi wa kikaango cha kamba, nunua tu.

Mama yako mdogo Karimi nilimtoa kijijini Nkubu akiwa na miaka kumi na saba. Alilala kitanda kimoja na wewe. Kila alichojua jikoni kilitoka kwangu, hata namna ya kupuliza moto bila majivu kuingia kwenye mayai.

Sasa, safari ile ya mwisho. Siku ya kuondoka Bwana Mrefu alikuwa anapima mizigo kwa mizani ya bucha, ameitundika kwenye boriti ya ghala lake. Mizigo ya jikoni iliruhusiwa kilo kumi na mbili. Na mimi, mbele ya wageni, mbele ya Guyo na wenzake, mbele ya kila mtu aliyekuwa na masikio, nikasema yangu haitafika hata tisa. Hakuna aliyeniomba niseme. Kumi na mbili zilikuwa zinatosha kabisa, lakini mimi nilitaka washike vichwa kwa mshangao. Nikamtuma Karimi nyumbani alete begi la jikoni, mimi nikabaki kupiga hadithi. Alipolileta, sindano ikasimama juu kidogo ya nane. Watu wakapiga makofi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Kesho yake alfajiri tuko Ngare Mara, nimeshagongelea vigingi, Guyo na wenzake wako kwenye swala, naingiza mkono kwenye begi. Kikaango kimoja. Na mpini wake hauna kamba.

Nilimvuta Karimi nyuma ya ngamia. Nikamuuliza kiko wapi. Akasema alijaribu begi kwenye mizani ya dukani akiwa njiani, likapita tisa, akarudi akatoa cha juujuu na kukisukuma nyuma ya gunia la unga, hakutazama ni kipi. Nikamuuliza ana wazimu. Akanitazama usoni, akasema, "Dada, ulitaka kushinda mizani ama ulitaka kikaango?"

Hapo ndipo hadithi niliyokulea nayo inapoishia, Kendi. Nimekuambia kwamba Karimi aliacha kikaango, halafu kwa wivu akawaambia wazee uongo kwamba niliwalisha kwenye chombo cha nguruwe, na mji ukaniacha. Kuacha aliacha. Uongo hakusema.

Mfuko wa chumvi ulikuwa umefungwa kwa kamba ya ngozi. Niliifungua. Nikakisugua kile kikaango kwa mchanga na majivu mpaka nikaona uso wangu ndani yake, nikaifunga ile kamba kwenye mpini, mafundo matatu, kama ya Guyo. Karimi alikuwa amesimama hapo akiniona. Wakaja, wakaona kamba, wakakaa, wakala. Guyo akasema mayai ya leo yamependeza. Wakishaondoka kupakia nikafungua kamba nikaiweka mfukoni, nikakaanga bekoni.

Nilifanya hivyo asubuhi mbili. Ya tatu tukiwa Gotu, mto uko chini yetu unanguruma.

Na unajua ni kitu gani kinachoniamsha mpaka leo? Sufuria ilikuwapo. Maji ya chai yalikuwa yanachemka pale pale. Ningetumbukiza mayai nane ndani ya sufuria, ningesema, Mzee Guyo, leo mtakula ya kuchemsha, kikaango chenu kimesahaulika. Angesema sawa. Ndiyo, Bwana Mrefu angesikia, na wageni wangejua zile kilo nane zilikuwa za nini, na mtu angenicheka. Hiyo tu. Kucheka kwa asubuhi moja. Nilishindwa kuchemsha mayai.

Asubuhi ya Gotu mkate mmoja wa wageni, aliokuwa anaupasha Karimi kwenye makaa, uliungua. Nilikuwa na hasira ya kujificha siku mbili, ikanitoka kwa Karimi. Nikawaambia wageni mbele yake kwamba huyu nimemtoa kijijini hivi juzi, bado anafikiri mkate ni kuni. Wakacheka. Aliinama akaendelea kupanga vikombe. Baadaye Guyo alikuwa amebaki na kipande cha mwisho cha yai, anakipeleka mdomoni, amechelewa kwa sababu ngamia mmoja alikuwa amemsumbua. Karimi akasimama mbele yake, akasema bila kupaza sauti, "Mzee, usimalize. Kikaango hicho ndicho cha nguruwe. Kamba ni ya mfuko wa chumvi."

Guyo akaweka sahani chini polepole. Akakichukua kikaango, akatazama kamba. Akaijua si yake, maana aliipitishia kidole akasikia ni ya mbuzi. Akaniuliza kama ni kweli.

Nami nikajibu haraka kwamba Karimi ndiye aliyekiacha nyumbani.

Akasema, "Sijauliza nani aliacha. Nimeuliza nani alifunga."

Nikainama kukusanya sahani. Akaenda mtoni akasukutua mdomo, akarudi akapakia ngamia. Hakunitukana. Siku zilizobaki walikunywa chai kwa vikombe vyao na kula tende. Hakuna aliyekaa karibu na moto wangu.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Lakini pengine hukujua maana yake. Unakumbuka Mama Halima wa mlango wa pili? Tangu tuhamie hapa, bakuli langu halikuwahi kurudi tupu kutoka kwake, wala lake kutoka kwangu. Sambusa zikienda, maandazi yanarudi. Wiki ile alinirudishia bakuli limeoshwa, limefutwa, halina kitu. Akasalimu vizuri kabisa. Nilikaa nalo mapajani mpaka wewe ukaja kuuliza kama kuna chakula. Na wewe ukauliza mbona watoto wa ploti hawaji tena kula kwetu. Ndipo nikakupa ile hadithi ya Karimi mwongo. Ulikuwa mtoto, ulilia, ulichoma picha yake. Niliona unaichoma, na sikukuzuia.

Karimi nilimfukuza siku hiyohiyo tuliyorudi. Begi lake nililiweka barabarani. Baba yako, Mungu amlaze pema, ndiye peke yake niliyemwambia ukweli. Akaniambia niende kwa Guyo. Nikamwambia nitaenda. Akanikumbusha mpaka alipougua, na mimi nikasema nitaenda.

Sasa ona. Miaka tisa Karimi hajarudi kusema kwa mtu yeyote mjini habari ya kamba. Wachunga ngamia walijua, mji ulijua juu juu kwamba chakula kilichanganyika, lakini wewe hakukuambia. Nina hakika hakukuambia, maana ungekuwa umenitazama kwa jicho lingine mwezi huu, na hukunitazama hivyo. Nimekaa hapa na hasira yangu yote nikijaribu kuona amekuambia nini, na kila nikitafuta naona amekunyamazia. Hilo nalo limeniudhi. Mtu akikukosea unataka awe mbaya mpaka mwisho.

Nimeacha kuandika hapo kwa muda. Nilivaa viatu, nikatoka. Sasa nimerudi, na chai yangu imepoa kabisa.

Kile kikaango chenye kamba ya kweli hakikutoka humu ndani. Kilikuwa nyuma ya gunia siku ile niliporudi, na baadaye nilikificha juu ya kabati, nimekifunga gazeti. Nimekichukua kwapani nikaenda nacho Chechelesi, kwa Mzee Guyo. Hatembei tena na ngamia, magoti yamekataa. Nilimkuta kwenye kigoda nje anasuka kamba. Nikamwambia habari, mzee. Akanijibu, akaniuliza habari ya watoto, nikasema mmoja anaondoka kesho. Nikafungua gazeti, nikamwekea kikaango mapajani.

Nikamwambia ni mimi niliyefunga.

Akasema anajua. Akageuza kikaango, akapitisha kidole kwenye mafundo yake matatu, yameshakuwa magumu kama mfupa. Akakaa hivyo mpaka mjukuu wake mmoja akaja kuchungulia akafukuzwa. Mwishowe akasema, "Chombo huoshwa, Mama Kendi. Sisi tuna namna ya kukiosha. Ungeniambia tu, tungekunywa chai." Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia. Kwamba asubuhi ile nilipojibu kwa kumtaja Karimi, ndipo alipoumia. La nguruwe lilikuwa jambo la Mungu na yeye. La kumsukuma msichana mbele lilikuwa langu.

Basi. Niliyoyabeba miaka tisa yamekwisha kwa muda wa kusuka kamba urefu wa mkono.

Usifikiri sasa nimelainika kwako. Ulinidanganya, na ulinichota maarifa kama maji ya bomba, na bado nina uchungu. Ningekuambia hapana kama ungekuja kwangu wazi, ndiyo, ningesema hapana na ningepiga kelele mpaka msikitini wasikie. Lakini ungekuja wazi. Mimi ni mtu wa mwisho katika Isiolo nzima kukuambia hivyo, na ndiyo maana nakuambia.

Vikaango nimevirudisha, ila si pale. Ulikuwa umevifunga pamoja kwa leso moja. Hata vikiwa vipya, hata kabla havijaona moto, usivifunge pamoja, maana anayekuona ukifungua begi hajui ni vipya. Cha kijani, cha wachunga ngamia, nimekifunga kwa taulo safi juu, kile kingine kiko kwenye mfuko wake upande wa chini. Uzito wako sijapima na sitaki kuujua.

Siku moja utafungua begi na kitu hakimo. Hiyo itatokea tu, kwa watu wote, hata kwa Karimi na rangi yake ya kijani. Siku hiyo chemsha mayai, useme kwa sauti kwa nini unayachemsha.

Karimi mwambie hivi, kama nilivyoandika, usipambe. Sijamsamehe lile la Gotu mbele ya wageni. Mwambie pia nilifunga mimi, na Guyo ameshasikia kutoka kwangu. Na mwambie ule mkate haukuungua sana.

Umesema safari yenu ya kwanza, ile uliyoiita wiki tatu za kufundishwa kufua, inaisha mwisho wa mwezi. Nimehesabu kwa vidole. Mkitoka mtoni na gari la Ijumaa mtalala mjini. Jumamosi asubuhi mtakuja hapa nyumbani, wewe na mama yako mdogo. Nitakaanga mimi mwenyewe, nje uani, kwa vigingi vitatu, mayai na nyanya na mkate, hakuna kingine. Mama Halima nitampelekea bakuli kesho lenye kitu ndani, na kama litarudi tupu nitajua, na bado nitamwita.

Mzee Guyo nilimwalika nikiwa nimeshageuka kuondoka, nikamwomba kikaango nikiandae. Hakunipa. Amekishika mapajani. Alisema atakuja, na kikaango atakuja nacho yeye.

Basi ni Jumamosi hiyo, ya mwisho wa mwezi, saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Wote.

Mama yako.